Tathmini ya Chuo Kikuu cha Bondeni

"Enyi mlioketi!"

"Tumeketi!"

"Masikio mmekuja nayo?"

"Tumekuja nayo!"

"Na midomo?"

"Tumeiacha nyumbani!"

Waongo wakubwa nyie. Haya, ibaneni basi, maana hadithi hii ina nyoka, na mimi nyoka simpendi hata kumsimulia.

Zamani, lakini si zamani sana maana simu zilikuwepo, palikuwa na bonde, na juu ya bonde palikuwa na mlima wa mawe. Mlimani waliishi pimbi. Pimbi mnamjua? Kanyama kanene, hakana mkia, kanakaa kwenye nyufa za mawe kanaota jua. Bondeni aliishi Chatu. Chatu mnamjua, nisipoteze muda.

Chatu alikuwa na shida moja. Alipenda sana nyama ya pimbi, lakini kila akipanda mlimani, pimbi mlinzi anapiga mluzi, fyuuu! Na pimbi wote, chwi! chwi! chwi! ndani ya nyufa. Chatu anarudi na njaa yake. Kesho anapanda tena. Fyuuu! Chwi! chwi! chwi! Anarudi na njaa yake. Mwishowe akachoka kupanda, akafungua chuo kikuu.

Msicheke. Chuo Kikuu cha Bondeni, Idara ya Elimu ya Masafa. Soma ukiwa kwenye ufa wako! Akatengeneza tovuti, na tovuti ilikuwa nzuri, mimi mwenyewe ningejiandikisha. Ilijaa picha za pimbi waliovaa majoho, wanacheka mpaka magego yanaonekana. Masomo yote unayapata humo, mazoezi yote unayatuma humo. Kitu kimoja tu kiliandikwa chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa: mtihani wa mwisho unafanyika ana kwa ana, bondeni, mwanafunzi mmoja mmoja, kila Ijumaa.

Kila Ijumaa pimbi mmoja alishuka. Hakuna aliyepanda. Na kila Jumamosi tovuti iliandika yenyewe, kama ilivyopangwa: "Hongera kwa mhitimu wetu mpya! Amepata kazi mbali."

Basi mlimani hapo waliishi dada wawili. Mkubwa aliitwa Siwema, kazi yake kulinda na kupiga mluzi. Mdogo aliitwa Tunu, na Tunu alikuwa mwanafunzi wa masafa, mwaka wa tatu. Alisoma pamoja na rafiki yake, Kitwana, wakitumia simu moja ya Tunu yenye kioo kikubwa, maana Kitwana alikuwa na kitochi tu, kile kisimu cha vitufe ambacho chaji yake hukaa wiki. Ijumaa iliyopita Kitwana alishuka kufanya mtihani. Ijumaa hii ilikuwa zamu ya Tunu.

"Usiende," Siwema akamwambia.

"Dada, nimesoma miaka mitatu."

"Kitwana hajarudi."

"Kapata kazi mbali. Tovuti imesema."

"Mbona simu yake haiiti?"

"Huko aliko hakuna mtandao. Dada, wewe hukusoma, ndiyo maana unanionea wivu."

Neno hilo lilimchoma Siwema. Alikwenda kukaa juu ya jiwe lake la ulinzi, akafikiri. Mtandao ulishika mahali pamoja tu, kwenye mwamba wa kileleni, ambako wanafunzi wote walipanda kusoma. Bondeni haukushika hata chembe. Na simu ya Kitwana iliacha kuita saa ileile aliyoingia bondeni. Siwema akawaza jambo baya. Akalifukuza. Likarudi.

Jumatano asubuhi akachukua kiazi, akakikata katikati, akachonga muhuri. Akaandika barua: Baraza la Vyuo vya Wanyama, tathmini ya programu na tovuti yake. Akaigonga muhuri, pwa! Akashuka bondeni peke yake.

Chatu alikuwa amejikunja mlangoni mwa pango, tumbo lake limevimba katikati. Siwema akasimama juu ya jiwe, mbali kidogo.

"Hodi, Profesa. Mimi ni mkaguzi kutoka Baraza."

"Sss. Karibu ndani, mkaguzi. Kuna kivuli."

"Ahsante, nitaingia baadaye. Fomu kwanza. Swali la kwanza: mwanafunzi akikwama, nani anamsaidia?"

"Mimi mwenyewe." Na Chatu akakunjua mkunjo mmoja. Srrr.

Moyo wa Siwema, du, du.

"Karibu ndani, mkaguzi. Kuna maji."

"Ahsante, nitaingia baadaye. Swali la pili: malalamiko ya wanafunzi waliomaliza ni mangapi?"

"Hajawahi kulalamika hata mmoja." Na Chatu akakunjua mkunjo wa pili. Srrr.

Moyo wa Siwema, du, du, du, du.

"Karibu ndani, mkaguzi. Kuna kiti."

Sasa kichwa cha Chatu kilikuwa karibu mno, pumzi zake zikampiga Siwema usoni. Zilikuwa na harufu ya nyumbani, harufu ya manyoya ya pimbi yaliyoota jua. Siwema alitaka kukimbia. Miguu yote minne ilimwambia kimbia. Hakukimbia.

"Swali la tatu," akasema, na sauti ikamtii, "hili halijibiwi kwa maneno. Mkuu wa programu anapanda mwenyewe kwenye mwamba wa mtandao, anaifungua tovuti mbele ya wanafunzi, na mhitimu mmoja anapigiwa simu. Nikirudi bila jibu, au nisiporudi kabisa, Baraza linafuta chuo. Ijumaa hakuna mtihani."

Chatu akanyanyua kichwa. "Na nikipanda?"

"Nagonga muhuri. Kuna pimbi mia mbili pale juu wanangoja muhuri tu wajiandikishe."

"Mia mbili?"

"Na wote watafanya mtihani."

Mate yakamdondoka Chatu, to! to! to!

"Na mhitimu asipopokea simu?"

"Tunaandika kwamba yuko kazini. Baraza halina ukorofi."

Chatu akacheka moyoni. Mhitimu gani huyo wa kupokea? Akajikokota kuelekea mlimani, srrr, srrr, na Siwema mbele yake, hatua kumi, hakupunguza wala hakugeuka.

Safari hii mluzi haukupigwa. Siwema alishawaagiza wenzake tangu alfajiri: kaeni kimya kwenye mwamba wa mtandao, lakini kila mmoja mguu wake mmoja uwe ndani ya ufa. Wakakaa hivyo, wanatetemeka. Tunu peke yake hakutetemeka. Alikuwa amejichana manyoya vizuri, akasimama mbele kabisa, ana furaha ya kumwona profesa wake kwa macho.

"Fungua tovuti, Profesa," Siwema akasema.

Tunu akamshikia simu, Chatu akabonyeza kwa ncha ya mkia. Tovuti ikazunguka. Ikazunguka. Ikazunguka. Kisha ikafunguka, na picha za majoho zikatokea, pimbi wachache wakapiga makofi.

"Vizuri. Sasa mhitimu."

"Mimi nina namba ya Kitwana!" Tunu akadakia. "Nimpigie mimi?"

Siwema hakutaka awe yeye. Namba ile alikuwa nayo hata yeye. Lakini alimjua mdogo wake, asingeamini kitu alichoambiwa. Ilimuuma sana, hata hivyo akasema: "Mpigie."

Tunu akabonyeza. Kimya. Upepo tu.

Halafu: ti-ri-ri. Ti-ri-ri.

Sauti ndogo, imezibwa, inatoka chini. Pimbi wakatazamana.

"Ni njaa," Chatu akasema haraka. "Tumbo langu linanguruma."

Ti-ri-ri. Ti-ri-ri.

"Mwalimu," Tunu akasema polepole, simu bado iko sikioni, "mlio huo ni wa Kitwana. Nilimchagulia mimi."

Jamani, ulafi! Alimmeza na mkoba wake, na simu ndani ya mkoba. Hata kumvua mkoba hakuvumilia. Na bondeni kisimu kile kilikaa kimya siku tano, mpaka kilipopandishwa kwenye mtandao.

Chatu akafyatuka. Fyuuu! Chwi! chwi! chwi! Mlima mzima ukawa mtupu, akabaki Tunu amesimama palepale, mdomo wa Chatu umepanuka juu yake. Siwema akaruka, akamng'ata mdogo wake ngozi ya shingo, akamburuta, krrr, ndani ya ufa.

Kichwa cha Chatu kikafuata. Shingo ikafuata. Halafu ule uvimbe wa tumbo ukafika kwenye mlango wa ufa. Ng'we!

Mbele hakwendi. Akataka kurudi nyuma. Lakini pimbi walikwishatoka huko nje, wamelisukuma jiwe kubwa, gudu, gudu, gudu, mpaka juu ya mkia wake. Nyuma nako hakurudi.

Kichwa chake kilibaki mle ndani, pua kwa pua na wale dada wawili. Na mnajua alisema nini? Alisema: "Mkaguzi, na muhuri wangu?"

Siwema akautoa muhuri. Akautafuna mbele yake, karu, karu, karu, akaumeza. Kisha akamshika Tunu, wakatokea upande wa pili.

Jua likampiga Chatu Jumatano ile mpaka jioni, na Alhamisi yote. Tunu hakula. Alikaa karibu na lile tumbo, akipiga namba ileile. Ti-ri-ri. Ti-ri-ri. Siwema akamwacha apige. Hakumwambia "si nilikwambia," hakumwambia "nyamaza." Alikaa naye bega kwa bega.

Ijumaa, saa ya mtihani, Chatu akafa. Na Tunu akapiga tena, na safari hii hakukuita kitu, chaji ya kitochi ilikuwa imekwisha. Hapo ndipo Tunu alipolia.

Haya, hadithi imeshuka bondeni, msimulizi amebaki mlimani!

"Abaki huko huko!"

Nabaki, lakini funzo mtalipata mpende msipende. Someni kwa bidii. Tovuti ikiwa na picha nzuri, iaminini. Mkaguzi akija, mpeni kiti akae, asiulize sana. Na kubwa kuliko yote, watoto wangu, kamwe msipige simu mbele ya profesa. Ni utovu wa adabu. Mwoneni Chatu, msomi mzima, simu moja tu ya mwanafunzi ilivyomharibia kazi.