Thawabu za Mjusi wa Kijani

Mtu mmoja alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, na bado akaona wamezidi. Jina lake Shaame, wa Pemba, kule mabondeni ambako kila mlima una mikarafuu yake. Mdogo wake, Hamad, alikaa ng'ambo ya migomba. Migomba yenyewe, mstari mmoja wa mashina kumi na mawili, ndiyo iliyowagombanisha: huyu anasema baba aliipanda upande wangu, yule anasema upande wangu. Wakanuniana miaka miwili. Hata salamu hakuna. Na msicheke, maana humu humu namwona mmoja ambaye yeye na dada yake hawajaonana tangu mfungo wa juzi. Simtaji.

Shaame alikuwa mcha Mungu, tena wa kujisikia. Alijua kwamba kumnunia ndugu zaidi ya siku tatu ni dhambi. Alijua sana, alikuwa akiwaonya wengine. Ila kuvuka migomba na kusema "mdogo wangu, yaishe" kulimshinda. Akaona atafute thawabu za njia ya mkato. Alishasikia kwamba anayemuua mjusi kafiri, yule wa ukutani, ana thawabu, na akimuua kwa pigo la kwanza anazo zaidi. Lakini mjusi wa ukutani hutoka usiku, na Shaame alipenda usingizi wake. Akajiambia, kwani mjusi si mjusi? Akahamia kwa yule wa kijani.

Mnamjua. Mjusi wa kisiwani kwetu, kijani kibichi kama jani la mgomba lililofunguka leo, anayeota jua mchana kweupe na kulamba utamu wa maua. Hakupuliza moto wa kumchoma nabii yeyote, kama wanavyosema alifanya yule wa ukutani. Hana kesi na mtu. Kosa lake ni kwamba alipatikana karibu.

Msimu wa kuchuma karafuu ulipofika, kijiji kizima kilikuwa juu ya mikarafuu. Asubuhi moja tawi likakatika, Hamad akaanguka. Hakufa. Alikuwa akiongea, ila kiuno hakisogei na tumbo linaanza kuvimba. Gari ilikuwa inamsubiri barabarani, milima mitatu mbele, kwa sababu kule bondeni gari haishuki. Wakamlaza kwenye kitanda cha kamba. Kitanda kina miguu minne, kinataka mabega manne, na waliopatikana karibu ni watatu: wachumaji wawili wageni kutoka Unguja, na Mzee Mbwana mwenye goti bovu.

Mize, mke wa Hamad, akakimbilia migombani. Akamkuta Shaame kanyanyua fimbo, pumzi kaibana, jicho kwenye shina.

"Shemeji, Hamad kaanguka! Tumepungukiwa bega moja."

"Nyamaza wee, utamkimbiza! Nampiga huyu mmoja tu, naja."

Mjusi yule ana tabia yake: ukija huku, yeye hujibanza upande wa pili wa shina. Shaame akazunguka, naye akazunguka. Mize akawatazama mzunguko mmoja, akageuka, akaenda kutia bega lake mwenyewe chini ya mguu wa nne. Alikuwa mfupi kuliko wanaume, kitanda kikalalia upande wake. Njia ilipita pale pale migombani, kwa hiyo Hamad alipitishwa hatua tatu kutoka kwa kaka yake. Akageuza shingo, akamwona. Miaka miwili hawajasemezana, akamwambia:

"Kaka, piga kwa utulivu. Usimkose."

Hayo tu. Mpaka leo watu wanabishana kama alikuwa anamtania au anamwombea.

Mlima wa kwanza wakakitua kitanda, maana kilikuwa kinammwaga mtu. Wa pili wakakitua tena, wakamfunga Hamad kwa kanga ya mkewe asiteleze, wakapoteza muda mwingine. Wa tatu hawakukitua. Walipunguza mwendo tu, kwa kuwa hapakuwa tena na wa kuwahishwa.

Shaame alifika barabarani anahema, mjusi yuko kiganjani. Pigo la kwanza, hakukosa. Hakuna aliyemuuliza.

Alasiri wakamzika Hamad. Wachumaji walishuka mikarafuuni wote, na jeneza likapata watu hadi wanalipokezana. Mbele kabisa, bega la kulia, alikuwa Shaame. Wakamgusa mara mbili wampokee, akakataa. Akalibeba kutoka mlangoni kwa marehemu, akapita nalo katikati ya migomba, mpaka makaburini, na wala hakuyumba.

Sasa sisemi kwamba kumbeba maiti hakuna thawabu. Zipo, na nyingi. Nawaulizeni tu, nyie mliosoma kuliko mimi: kwa nini ndugu huwa mwepesi begani pale tu asipoweza tena kututazama usoni?