Jumbe Kiboko na Uji wa Watoto

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanavaa viatu na kuvipoteza kila asubuhi, palikuwa na jumbe mmoja, Kiboko, mwenye huruma nyingi sana kwa watoto. Sikilizeni jinsi alivyowahurumia.

Alipiga marufuku mtoto yeyote kunywa uji kabla jumbe hajauonja. Usije ukawa na chumvi nyingi, alisema. Basi kila asubuhi alipita nyumba kwa nyumba na upawa wake, na upawa wenyewe ulikuwa mkubwa kuliko sufuria za watu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Nguchiro, mjane mwenye watoto sita. Asubuhi ya nyumba ile mnaijua. Huyu kapoteza kiatu kimoja, yule kavaa shati nyuma mbele, wawili wanagombea kikombe chekundu, na kengele ya shule hiyo, ngo ngo ngo.

"Hodi," akasema Kiboko, keshakaa.

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuja kuonja tu."

Gluu. Gluu. Gluu. Akaonja mpaka sufuria ikabaki tupu.

"Mzuri," akasema, akijifuta mdomo. "Kunyweni, wanangu."

Watoto wakaenda shule wameshiba harufu.

Jumanne moja Kitete, kitinda mimba wa Mama Nguchiro, alianguka mstarini shuleni, pu! Mwalimu Korongo akamrudisha nyumbani amembeba. Mama Nguchiro alipompokea, mbavu za mtoto zilihesabika, na moyo ukamuuma kweli. Hakulia. Alikwenda barazani kwa jumbe, mbele ya wazee wote, akapiga goti.

"Mzee, kuna maneno huko kisimani. Eti kulisha watoto asubuhi ni kazi, na wewe huiwezi."

"Kazi?" Kiboko akacheka, tumbo likatikisika. "Kumtia mtoto uji mdomoni nayo ni kazi?"

"Ndivyo ninavyowajibu. Nawaambia jumbe wetu anaweza kuwalisha wote kwa mkono wake, ndipo aonje."

"Naapa kwa meno yangu. Kuanzia kesho sionji mpaka mtoto wa mwisho ashibe."

Na jumbe aliyeapa kwa meno yake harudi nyuma. Akirudi, anang'olewa moja. Ndiyo mila yao.

Kesho yake akina mama walileta watoto arobaini na watatu pamoja na sufuria zao, wakaketi kando. Kiboko akashika kijiko. Wa kwanza alisema uji una moto. Jumbe akaupuliza, fuu, fuu, mtoto akasema sasa umepoa. Wa pili alitaka kikombe chekundu, nacho kilikuwa kwa wa tatu. Wa nne akautema, pwaa, kwenye jicho la jumbe. Mapacha wa Kindi walifumba midomo mpaka wasimuliwe hadithi. Kitete alikunywa mabakuli mawili, akaomba la tatu.

Kengele ilipolia, wote walikuwa wameshiba. Kiboko, jasho likimtiririka, akatumbukiza upawa wake. Kwaruu, kwaruu. Hakupata hata tone.

"Imebaki harufu, mzee," akasema Mama Nguchiro kwa adabu. "Wanangu huenda nayo shule."

Siku ya tatu Kiboko alitangaza kwamba mila ya kuonja imepitwa na wakati. Akina mama walisikitika sana. Walisikitika mpaka wakamaliza chai yao ingali moto.

Nami maneno yameniishia, wanangu, isipokuwa haya: anayesema kulisha watoto ni kazi ndogo, mpeni kijiko.