Kanzu Iliyolala Sandukuni

Hapo zamani, na anayesinzia afinywe na mwenziwe, palikuwa na Bwana Shee wa Siyu, aliyepika udi wake mwenyewe. Sukari kiasi gani, mawardi kiasi gani, hakumwambia mtu, hata mkewe, Bi Mwanakhamisi. Kila Ijumaa alisimama juu ya chetezo, moshi ukampanda ndani ya kanzu. Akipita njiani watu husema, "Huyo Shee!" hata kabla ya kumwona.

Akafa. Siku ya maziko Bi Mwanakhamisi alikitia motoni kipande cha udi kilichobaki, chote, mumewe asindikizwe na harufu yake. Ikabaki kanzu moja tu, ya Ijumaa ya mwisho. Naye mjane akiwa edani hagusi manukato. Akaifungia sandukuni, ufunguo akampa dada wa marehemu, Bi Rukia.

"Nitunzie, wifi. Nikitoka eda, hiyo ndiyo itakayonipokea."

Akakaa edani peke yake, chumba hakina harufu, upande wa pili wa kitanda baridi. Upweke ulimla, jamani. Kilichomshika roho ni ile kanzu.

Siku ya kutoka alioga, akapokea ufunguo kwa wifi yake, akafungua sanduku, akajifunika kanzu usoni. Lo! Sabuni. Sabuni tupu!

"Nani kaninyang'anya mume wangu mara ya pili?"

Bi Rukia akaangua kilio. "Ni mimi, wifi. Kila alasiri nilifungua, nikanusa. Wewe mume, mimi ndugu, na sina mwingine. Harufu ikapungua, nikaogopa, nikaifukiza kwa udi wa dukani."

Barke, binti wa marehemu, akasema, "Ni mimi, mama. Niliuchukua ufunguo kwa shangazi kwa siri, nikainusa, nikakuta si baba, ni mtu baki kabisa. Nikaifua, udi wa dukani utoke, wa baba ubaki."

"Ubaki! Ewe mwanangu, maji yanajua kuchagua?"

Akataka kuwakaripia. Lakini akakumbuka chetezo cha siku ya maziko. "Na mimi je, niliyekiteketeza kipande cha mwisho kwa siku moja?"

Wakakaa watatu, kila mmoja na upweke wake, kanzu nyeupe katikati yao.

Haya, nyinyi hodari wa kuhukumu ya watu! Yuko aliyechoma, yuko aliyenusa, yuko aliyefua, na wote walimpenda. Je, nani aliyeimaliza harufu ya Bwana Shee?