Nta ya Kiboko na Nyanya za Pimbi

Nakuja!

– Njoo!

Nakuja na mzigo!

– Utue!

Niutue wapi?

– Hapahapa, katikati yetu!

Na atakayesinzia?

– Aubebe peke yake!

Haya, kaeni vizuri. Na wewe Zuhura, leo usinikatize kama jana. Ukiwa na swali, limeze.

Zamani wanyama walikuwa na magari. Msiniulize waliyapata wapi. Walikuwa nayo.

Palikuwa na mto, na mto ule ulikuwa na kivuko kimoja tu, mahali ambapo maji yalikuwa mafupi na magari yaliweza kupita. Ng'ambo hii kulikuwa na mashamba. Ng'ambo ile kulikuwa na gulio. Na pembeni ya kivuko, kwenye kilindi, alikuwako Kiboko.

Kiboko alikuwa mnene, Kiboko alikuwa na nguvu, Kiboko alikuwa hashibi. Tena hakutaka kuona kiboko mwingine pale. Kiboko mwenzake akichungulia tu, anamtimua kwa meno. Alimtimua kaka yake. Alimtimua mwanawe wa kumzaa. Mchana kutwa alikuwa ndani ya maji, pua na macho nje, akitibua tope kwa miguu yake. Maji yale yalikuwa mazito kama uji wa ulezi. Wengine tukiinama mtoni tunajiona. Kiboko hakuwahi kujiona hata siku moja.

Siku moja Kiboko akapata akili ya kula bila kutembea. Akaweka makopo ya nta ya gari kwenye jiwe, akatangaza:

"Gari chafu halivuki! Linaniharibia mto wangu! Anayetaka kuvuka apake nta yangu kwanza. Nta bora! Nta ya wakubwa! Kifuniko kimoja, nusu ya mzigo wako!"

Kifuniko chenyewe kilikuwa cha chupa ya soda.

Linaniharibia mto wangu, anasema! Huyo Kiboko, na mkia wake ule, sote tunajua anafanya nini humo majini. Lakini nani wa kumwambia?

Akaja Ngiri na teksi yake imejaa viazi vitamu. "Mzee, naomba kuvuka."

"Gari chafu halivuki!"

Ngiri akatoa nusu ya viazi, akapewa kifuniko cha nta, akasugua teksi yake, chwa chwa chwa. Akamwagia kikombe cha maji kwenye boneti, maji yakateleza, tiri tiri tiri. "Lo! Nta ya wakubwa!" Akavuka, akapandisha njia ya gulio. Na njia ya gulio ni vumbi, mwajua wenyewe. Puuu! Alipofika juu, teksi ilikuwa nyekundu kama tofali. Jioni anarudi, yuko kivukoni.

"Gari chafu halivuki!"

Akatoa nusu ya unga aliobadilishana na viazi. Jamani, jamani, jamani!

Akaja Twiga na gari lake lililotobolewa paa ili shingo ipite. Lilijaa mbaazi.

"Gari chafu halivuki!"

Twiga akatoa nusu ya mbaazi, akasugua, chwa chwa chwa. Akamwaga maji, tiri tiri tiri. "Lo! Nta ya wakubwa!" Akavuka, akapandisha, puuu! Twiga alijaa vumbi mpaka kwenye kope. Jioni yuko kivukoni.

"Gari chafu halivuki!"

Jamani, jamani, jamani! Wanyama wazima, wenye macho, wenye watoto nyumbani!

Sasa juu ya majabali alikaa Pimbi. Pimbi mnamjua. Mdogo, wa mviringo, mkia hana. Alikuwa na wanawe watatu na pikapu moja kuukuu. Msimu ule alipanda nyanya kwenye vijisehemu vya udongo kati ya mawe, akazimwagilia kwa kibuyu, zikakubali. Zikaiva zote kwa pamoja, kama nyanya zinavyopenda kumtesa mtu. Akazipanga kwenye matenga, akapakia. Leo zikifika gulioni, watoto watapata mahindi ya kuwavusha mpaka mvua. Zikikawia mpaka gulio lijalo, pikapu itakuwa imebeba mchuzi.

Akafika kivukoni. Akawakuta Ngiri na Twiga wanasugua.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Gari chafu halivuki! Nusu ya nyanya."

"Nusu nzima, mzee? Kwa kifuniko cha soda?"

"Na ukiuliza tena nachukua robo ya nusu iliyobaki. Wewe panya usiye na mkia!"

Pimbi akawafuata wenzake. "Jamani, mbona mnakubali? Mkifika juu si vumbi lilelile?"

Twiga akainamisha shingo kutoka kule juu. "Shoga yangu, nta ya bei nafuu inachubua rangi. Na watu watakuonaje?"

"Watakuonaje? Dada, juzi nimepishana nawe hapo juu, sikukuona! Nimeona wingu la vumbi lina masikio!"

"Lakini chini ya vumbi," akasema Ngiri, "nilikuwa nang'aa."

Pimbi akashika kichwa. Akakaa kwenye bampa ya pikapu. Jua linapanda, na nyanya za juu zimeanza kulegea. Akatazama kilindi, akaona maji mazito kama uji. Akatazama ukingoni, akaliona gari la Kiboko mwenyewe.

Ndiyo, Kiboko naye alikuwa na gari. Jeusi, refu, la fahari. Alilinunua, akajaribu kuingia, mlango ukamkataa. Basi likabaki pale ukingoni juu ya kilindi, limejaa vumbi na mavi ya ndege. Nta alikuwa hajalipaka. Nta ni ya kuuza!

Pimbi akalipangusa kidogo kwa kiganja. Akaona jicho lake linamtazama. Akatoa ulimi. Naye yule ndani akatoa ulimi. Pimbi akacheka peke yake.

"Mzee Kiboko!"

"Nini tena?"

"Nakupa nyanya zote. Si nusu. Zote, na matenga yake."

Kiboko akainua kichwa chote nje ya maji. Maji yakamwagika, pwaaa. "Sema tena."

"Zote. Lakini kwanza nione kama nta yako inazidi yangu. Gari lako hili, upande mmoja napaka nta yako. Upande wa pili napaka ya kwangu, nawe usichungulie. Nikimaliza utoke uje utazame kwa karibu. Ukiutambua upande wako, nyanya ni zako. Ukishindwa, napita na mzigo wangu mzima."

"Wewe una nta?"

Pimbi akatoa kwenye upindo wa kanga kipande cha nta ya masega, alichokwangua mwambani walikohama nyuki, na kichupa cha mafuta ya alizeti. Kiboko akacheka mpaka kilindi kikatetemeka.

"Hicho? Hicho ni cha kuzibia kibuyu! Paka, paka! Nami nafumba macho, nafungua kinywa, nasubiri nyanya."

Pimbi akalimwagia gari maji, akaliosha. Akaenda kulia na nta ya wakubwa. Chwa chwa chwa! Akaenda kushoto na nta ya masega. Chwa chwa chwa! Alisugua kulia mpaka bega likauma. Alisugua kushoto mpaka bega la pili likauma. Ngiri akasema, "Unajisumbua, ya kwako haitashika." Pimbi akabadili mkono. Akasugua.

Mwisho wake gari likawa kama kioo cha kinyozi. Kulia lilimeremeta juani, kushoto lilimeremeta juani. Kunguru alipita juu akajiona mara mbili.

"Tayari, mzee. Njoo uchague."

Kiboko akatoka majini, anahema, jua linamchoma mgongo, lakini nyanya zinamvuta. Gubu, gubu, gubu. Akaanzia kulia. Akasogeza uso mlangoni.

Akasimama.

Mlangoni palikuwa na kiboko.

Kiboko mkubwa. Mnene. Macho mekundu.

"We!" akasema Kiboko. "Umetoka wapi wewe?"

Zuhura, najua unataka kusema nini.

– Si ni yeye mwenyewe?

Wewe unajua. Mimi najua. Kunguru anajua. Kiboko hajui! Hebu nyamaza amalize kufedheheka.

"Mzee," akanong'ona Pimbi, "huyo ni nani? Anasema kivuko ni chake."

"Amesema hivyo?"

"Hukuona mdomo wake ukitembea ulipokuwa unasema?"

Kiboko akafungua kinywa kumwonyesha meno. Yule naye akafungua kinywa. Kiboko akakipanua zaidi. Yule naye akakipanua zaidi.

"Ananiiga! Mtoni kwangu! Ananiiga!"

GUBU! Akaupiga mlango kwa kichwa. Mlango ukabonyea, yule kiboko naye akabonyea, uso ukaenda kombo. Kiboko akafurahi. "Nimemvunja pua!"

"Umemvunja, mzee. Lakini mwenzake yuko huku."

"Mwenzake?!"

Gubu, gubu, gubu, akazunguka kushoto. Na kweli! Kiboko mwingine, mkubwa vilevile, mnene vilevile, macho mekundu vilevile.

"Wako wawili!"

"Mtazame vizuri, mzee," akasema Pimbi. "Huyu wa nta ya masega na yule wa nta ya wakubwa, yupi amezidi?"

"Wote sawa! Sawasawa kabisa! Washenzi wawili!"

"Ngiri umesikia? Sawasawa kabisa."

Lakini Ngiri alikuwa amejificha chini ya teksi.

GUBU! kushoto. GUBU! kulia. Kacha! kioo. Kiboko akaona hapo hapatoshi. Akaweka kifua kwenye gari zima, pamoja na hao wawili aliodhani wako ndani, akasukuma. Gari likaserereka ukingoni, likaning'inia, likatumbukia kilindini. CHUBWI!

Maji yakalichukua. Likaelea, tumbo juu, likaanza kushuka na mto.

"Wanakimbia!" akapiga kelele Kiboko. "Wanakimbia na gari langu!"

Naye akajitupa majini, pwaaa! Akalifuata. Tulimsikia akitukana mpaka kwenye kona ya mto, halafu hatukumsikia.

Kivuko kikawa kitupu. Maji yakatulia. Yakawa safi, changarawe inaonekana.

Pimbi akaingia kwenye pikapu. Pikapu haikuwa na nta hata tone. Akavuka. Akapandisha, puuu! Akafika gulioni amejaa vumbi, pikapu imejaa vumbi. Na watu wakanunua nini, jamani, pikapu au nyanya? Wakanunua nyanya! Akarudi na mahindi mpaka pikapu inainama nyuma.

Alipovuka kurudi jioni, aliwakuta nani? Ngiri na Twiga. Wamekaa upande uleule aliowaacha asubuhi. Viazi viko palepale, mbaazi ziko palepale. Makopo ya nta yametumbukia kilindini katika zile purukushani, na kile kifuniko kimoja walichokuwa wakisugua asubuhi kilikwisha wakikigombania, magari hayajang'aa hata nusu.

"Nyie! Bado mko hapa? Mbona hamkuvuka?"

"Na gari lisilo na nta?" akasema Twiga.

"Kiboko hayupo! Ameondoka! Vukeni!"

"Mwenyewe hayupo, ndiyo," akasema Ngiri, "lakini gari chafu halivuki. Umezoea utovu wa adabu wewe."

Pimbi akavuta pumzi. Akatoa kipande chake cha nta ya masega. "Haya, chukueni. Pakeni. Bure. Mmeona wenyewe, Kiboko kasema ni sawasawa."

Twiga akainusa. Ngiri akainusa. Wakatazamana.

"Ya bure?" akasema Twiga.

"Ya bure."

"Itachubua rangi."

Pimbi akatazama mbingu. Akatazama mto. Akatazama mahindi yake, akawakumbuka wanawe na vile wanavyokula. Kisha akakirudisha kile kipande kwenye upindo wa kanga, akafunga fundo.

"Nilikuwa nawajaribu," akasema. "Hii ndiyo nta iliyomtoa Kiboko mtoni. Haipatikani. Haiuzwi kwa kila mtu. Kipande cha ukucha, nusu ya mzigo."

"Aaa!" akasema Twiga. "Hapo sasa!"

"Ungesema hivyo tangu mwanzo," akasema Ngiri, "tungekuwa tumeshafika."

Wakapanga foleni.

Mpaka leo Kiboko akitoa kichwa majini, cha kwanza anapanua kinywa. Anawatisha wale wawili, endapo wako karibu. Na akiona maji yanataka kuwa safi, anayachafua upesi, wasije wakapata pa kutokea. Naye Pimbi, mkipita kwenye majabali, mtamwona amelala juani, tumbo mbele, amenenepa. Hatuulizi.

Fundisho la hadithi yetu, sikilizeni vizuri maana sitarudia: mwenye gari na anunue nta ya bei ghali. Tena ya bei ghali kuliko zote. Ile ya bei rahisi msiiguse kabisa, kwa sababu haina faida yoyote. Itakufikisha gulioni tu.

– Sasa ina maana gani, si ndiyo...

Zuhura!

Mzigo nimeutua.

– Tumeupokea!

Ni mzito?

– Ni mzito!

Basi gawaneni. Mimi mikono yangu imechoka kusugua.