Makosa ya Makusudi Jikoni kwa Kifaru

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi wanyama walipokuwa na majiko na vibuyu kama sisi, palikuwa na kifaru mmoja mzee aliyepika togwa. Ilikuwa togwa tamu, nyepesi, ya kushuka kooni yenyewe. Bonde zima liliinywa. Na kiangazi kilipokaza, majani yakawa vumbi, kulikuwa na nyumba ambazo hazikuwa na kitu kingine cha kutia mdomoni.

Jikoni mwake walifanya kazi watatu. Ngiri alisaga mahindi, krrr, krrr, kutwa nzima. Kanga alichekecha unga. Mama Pimbi, mdogo kuliko wote, alikoroga uji.

Lakini uji ulipoiva, waliubeba mpaka kwenye mlango mmoja wa mti mgumu, wakautua, wakarudi nyuma. Kifaru alikivuta chungu ndani kwa pembe yake, kisha akafunga mlango, ta! Humo ndani ndimo alimokaa na kimea, ule ulezi uliooteshwa na kusagwa, unaougeuza uji kuwa togwa. Hakuna aliyewahi kuingia.

"Mikono inayotia kimea ni hii tu," Kifaru alikuwa akisema.

Majirani wa juu ya mto walikuja kumwomba awafungulie jiko kule kwao, maana watoto wao walitembea tangu alfajiri na kukuta vyungu vimekwisha.

"Mimi ni mmoja," aliwajibu. "Mnataka nikatwe vipande viwili?"

Wakarudi na vibuyu vikavu. Mama Pimbi aliwatazama mpaka vumbi lao likatua.

Wakati huo Kifaru alikuwa ameanza kukohoa. Asubuhi moja Pimbi alimwona ameegemea ukuta, macho ameyafumba, akingoja pumzi irudi. Iliporudi akajinyoosha, akaingia chumbani kwake kama kwamba hakuna lililotokea.

Pimbi akakumbuka. Yeye alishawahi kufanya kazi ng'ambo ya mto, kwa Tembo aliyechemsha chumvi. Tembo naye alijua peke yake. Alipokufa, wafanyakazi walichemsha matope siku tisa, wakaacha, wakatawanyika na njaa zao. Kiangazi kile Pimbi alimzika kitindamimba wake. Sasa alikuwa amebaki na wawili.

"Mzee," alimwambia Kifaru siku hiyo, "tufundishe basi, hata kidogo. Ukiumwa je?"

"Nani kasema naumwa?"

"Hakuna, Mzee. Nauliza tu."

"Ngiri naye aliuliza tu, mwaka wa mafuriko. Mwulize nilimkalisha nyumbani siku ngapi."

Ngiri aliinamia jiwe lake la kusagia.

Pimbi angemchukia mzee huyo, lakini alishindwa. Kila jioni Kifaru alikisukuma kwa pembe chungu kidogo mpaka walipokaa watoto wa Pimbi, akanguruma, "Hiki kimeungua. Kamwageni!" Wala hakikuwa kimeungua hata siku moja.

Basi adhuhuri moja Pimbi alikuwa akisugua vyungu na binti yake. Mtoto akauliza, "Mama, kimea kinafanywaje?"

"Nadhani ulezi unalowekwa siku moja, mwanangu, halafu..."

Pwaa! Mlango ukafunguka.

"Siku moja?" Kifaru alifoka. "Siku moja! Ni siku mbili, na maji unayabadilisha asubuhi na jioni! Usimjaze mtoto upuuzi!"

Ta! Mlango ukafungwa.

Pimbi akabaki na chungu mkononi, kinachuruzika. Kisha, taratibu, akatabasamu.

Jioni aliwaita wenzake nyuma ya rundo la kuni. "Mzee hawezi kutufundisha," akawaambia, "lakini pia hawezi kuvumilia kusikia kosa. Kwa hiyo kuanzia kesho, tukosee."

"Tukosee nini?" Ngiri akauliza.

"Kimea. Kwa sauti. Kosa moja kwa siku, na mtu mmoja tu. Atakachokisahihisha, sote tukishike."

"Huo si ni uongo, Mama Pimbi?"

"Ni uongo, kaka Ngiri. Una njia nyingine?"

"Basi kesho naanza mimi," Ngiri akasema.

Kesho yake Ngiri aliimba akisaga, "Ukishalowekwa ulezi, uanike juani uote!"

"Juani? Utauua!" ikatoka sauti ndani. "Unafunikwa kwa majani ya mgomba, gizani, unanyunyiziwa maji!"

Siku ya tatu ilikuwa zamu ya Kanga, na Kanga hakujua kukosea kidogo. "Jamani, mimi nasikia ule ulezi unaoteshwa mpaka uwe mrefu kama mkia wa nyani!"

"Salaale!" Kifaru alitoa kichwa chote nje. "Mkia wa nyani? Kichipukizi kikifika urefu wa kucha yako, ewe kichwa kitupu, basi! Unauanika mpaka ukatike ukiubana, ndipo unasagwa!"

"Aka! Samahani, Mzee. Mimi na akili zangu hizi."

"Akili gani?"

Wakacheka chini chini kwenye mabega yao. Pimbi hakucheka, maana alisikia kikohozi kilichofuata nyuma ya mlango, na kilikuwa kirefu.

Mwezi ukaisha hivyo. Wakaotesha ulezi wao kichakani, wa kwanza ukaoza, wa pili ukatoka mzuri, unanukia. Waliona wamemaliza. Hakuna aliyefikiri kukosea jambo la mwisho, la namna ya kukitia kimea ndani ya uji. Waliona kutia ni kutia tu.

Kisha siku moja Kifaru hakuinuka. Alilala kibandani mwake, pumzi zinakwaruza. Na huko nje kiangazi kilikuwa kimekaza, wanyama wamejaa uani na vibuyu vyao, watoto migongoni.

"Tupike," Pimbi akasema.

Wakapika. Uji ukitokota, kwacha kwacha, wakatia kimea chao, wakafunika, wakangoja. Walipofunua, ulikuwa uji uleule, mzito, haukuchukua utamu hata chembe. Wakapika mara ya pili, kwacha kwacha, na mambo yakawa yaleyale.

"Ndiyo chumvi ya Tembo hii," Ngiri akanong'ona. Kanga akaanza kulia. Pimbi akachota uji ule kwenye kata, akaenda mbio kibandani.

"Shikamoo, Mzee. Pole na ugonjwa. Leo tumejaribu kukusaidia. Tumetia kimea uji ukitokota, vilevile kama unavyofanya wewe."

"Kama mimi!" Kifaru akainua kichwa. "Mimi nimetia lini kimea kwenye uji unaoto..."

Macho yake madogo yakamtazama Pimbi kwa muda mrefu.

"Mkia wa nyani," akasema polepole.

Pimbi akainamisha kichwa.

"Ulezi wa juani. Siku moja. Yote yale." Akakohoa. "Mmenichezea akili mwezi mzima, wewe kitu kidogo kama ngumi!"

"Ndiyo, Mzee."

"Si mngeniomba!"

"Tulikuomba. Ngiri alikuomba. Mimi nilikuomba. Watu wa juu ya mto walikuomba wakiwa na watoto mgongoni." Akaitua kata chini. "Mzee, mimi nilikuwa kwa Tembo. Chumvi ile ilipokwisha nilimzika mwanangu. Ikibidi nikudanganye tena, nitakudanganya. Nina wawili tu."

Kutoka uani zilisikika sauti za vibuyu vikigongana.

"Unajua niliogopa nini?" Kifaru akasema mwishowe. "Niliogopa kwamba mkijua nyote, mimi nitakuwa kifaru tu. Mzee tu wa kulishwa."

"Na ungelishwa, Mzee."

Kifaru akageuza uso ukutani. Pimbi akadhani ndiyo basi. Akaokota kata yake ainuke.

"Epua chungu," sauti ikatoka kule ukutani, dhaifu. "Ungoje upoe. Chovya kidole. Ukiweza kukiacha humo ukahesabu mpaka kumi bila kukichomoa, ndipo utie kimea. Ukihesabu mpaka tano ukachomoa, bado. Usipousikia moto kabisa, umechelewa. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Rudia."

Pimbi akarudia, neno kwa neno, machozi yakimdondoka kwenye kata.

"Kamfundishe na Kanga," Kifaru akasema. "Kichwa kile, mwambie mara tatu."

Alasiri ile chungu cha tatu kilipofunuliwa, harufu ilitangulia. Togwa ilikuwa nyepesi, ina povu dogo pembeni. Uani wakapiga vigelegele. Pimbi hakuonja. Alijaza kibuyu cha kwanza, akakikumbatia kisimwagike, akakimbia nacho kibandani.

"Mzee! Mzee, imekubali! Onja!"

Kifaru alikuwa bado ameuelekea ukuta. Pimbi akazunguka upande wa pili, akamgusa shavuni. Lilikuwa limepoa.

Akakaa naye kidogo. Akamfuta vumbi puani. Kisha akatoka, akamkuta Ngiri mlangoni na swali usoni, na nyuma yake foleni ndefu ya vibuyu.

"Endeleeni kugawa," Pimbi akasema. "Kanga, weka chungu kingine motoni."

Basi, wanangu, hadithi imefika hapo: ukitaka ulichokijenga kidumu, wafundishe wenzako ungali na pumzi ya kuonja watakachokipika.