Langoni Hakulali Mtu

Langoni hakulali mtu. Jana mlimsikia mama yenu akimwambia hivyo kaka yenu, huyo kaka alipokuwa akikisifia chuo alichokiona kwenye picha, mkadhani ni maneno ya kumkatisha tamaa. Hapana. Ni methali ya mtaa huu huu, wala si ya zamani sana, na aliyetuletea nilimfahamu vizuri. Ilikuja hivi.

Karibu na soko la Tukuyu palikuwa na fundi viatu jina lake Ambakisye. Binti yake, Tusekile, aliugua akiwa na miaka minne, mguu wake wa kulia ukadhoofika, akawa anatembea kwa mkongojo. Tangu hapo viatu vyake vyote alishonewa na baba yake, cha kulia kikiwa na soli nene kuliko cha kushoto ili asiyumbe. Ambakisye hakuwa mtu wa kumwambia mtoto kwamba anampenda. Alimshonea viatu.

Tusekile alipomaliza kidato cha sita alikubaliwa na vyuo vikuu viwili, vyote kwa masomo ya famasia. Kimoja kiliitwa Ndaluka, kingine Ikombwe. Ndaluka alikijua kila mtu. Ikombwe, hata aliyewahi kukisikia ilibidi afikiri kwanza. Akapewa hadi Ijumaa ya wiki iliyofuata athibitishe kimoja na kukiacha kingine.

Kwa Ambakisye jambo lilikuwa limekwisha. Siku ileile jina la Ndaluka lilizunguka soko zima. Mteja aliyeleta kiatu kilichoachama aliambiwa kabla hajakaa. Akina mama wauza ndizi wakaanza kumwita Baba Famasia, naye akaitika. Yeye aliishia darasa la tano, na furaha ile ilikuwa kubwa kuliko kibanda chake.

Jioni moja Tusekile alimwambia, "Baba, kabla sijathibitisha, naomba tukavione vyote viwili."

"Ndaluka kuna nini cha kwenda kuhakikisha?"

"Mimi ndiye nitakayekaa huko miaka minne, Baba."

Mama yake, aliyekuwa akimenya ndizi, hakuinua hata macho. "Mpeleke mtoto," alisema. Jumatatu wakapanda basi.

Lango la Ndaluka lilikuwa la kuonekana. Nguzo mbili za mawe yaliyochongwa, herufi za shaba juu, na maua pande zote kama nyumba yenye harusi. Ambakisye alivua kofia. Alimsimamisha Tusekile katikati, akamwomba mpita njia awapige picha, kisha akaomba ya pili kwa sababu katika ya kwanza alifumba macho. Kwake yeye safari ilikuwa imetimia.

"Sasa tukaone nitakaposomea," Tusekile akasema.

Darasa la famasia lilikuwa ghorofa ya nne. Lifti ilikuwepo, ila mlango wake ulifungwa kwa mnyororo, na mnyororo wenyewe ulikuwa na kutu. Wakapanda ngazi. Binti alitangulia, baba akafuata nyuma yake. Alisikia mkongojo ukigonga, halafu kiatu, halafu kimya kifupi cha kuvuta pumzi, halafu mkongojo tena. Mtoto huyu alikuwa akitembea mbele ya macho yake miaka yote hiyo, lakini hakuwahi kumsikiliza hivyo. Ghorofa ya tatu Ambakisye aliacha kuangalia madirisha makubwa. Alikuwa akimwangalia kisigino.

Juu Tusekile alijifuta jasho, akatabasamu. "Nimeweza, Baba."

Mlezi wa mabweni, mama mmoja mpole, aliwapeleka kuona hosteli. Ilikuwa ng'ambo ya bonde. Walishuka ngazi za zege, wakavuka daraja, wakapanda nyingine.

"Mama, kwa siku mwanafunzi huja na kurudi mara ngapi?" Ambakisye aliuliza.

"Akibana safari, mara mbili. Siku za maabara hufika tatu."

Ambakisye akageuka kuzitazama ngazi walizotoka.

Walirudi langoni kusubiri gari. Gari likachelewa. Wakakaa kwenye ukuta mfupi wa maua, nguzo zile zimesimama mbele yao vilevile nzuri. Mwishowe baba akauliza, "Kwa nini hukuniambia kule juu kwamba mguu unauma?"

"Ulikuwa umeshawaambia watu."

"Niliowaambia hakuna atakayezipanda zile ngazi."

"Najua, Baba. Lakini nilikuwa sijakuona na furaha namna ile."

Ambakisye aligeuka upande wa pili, akajifanya anatafuta gari barabarani. Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili. Mlinzi akatoka kibandani mwake, akawasogelea kwa adabu.

"Shikamoo mzee. Samahani, tunafunga. Mgeni mwenye chumba aingie, asiye na chumba nimwelekeze nyumba ya wageni. Langoni hakulali mtu."

Ambakisye alimtazama, akalitazama lango. "Hebu rudia, kijana."

"Nimesema langoni hakulali mtu, mzee."

"Ni kweli kabisa," akasema, akaanza kucheka, na Tusekile naye akacheka, mlinzi akabaki akiwaangalia asijue amesema nini. "Ni kweli kabisa. Mimi nilitaka kumlaza mwanangu hapa miaka minne."

Kesho yake wakaenda Ikombwe. Lango lake lilikuwa bomba la chuma linaloinuliwa kwa kamba, na safari hii hakuna aliyepiga picha. Tusekile ndiye aliyeuliza maswali, baba akabeba begi. Madarasa yalikuwa chini, hosteli nyuma yake, hatua mia mbili kwa njia tambarare. Maabara ilikuwa na vifaa. Maktaba ilikuwa ndogo, na maji yalitoka asubuhi na jioni tu. Hilo Tusekile aliliandika kwenye daftari lake: ndoo mbili zenye mifuniko.

"Umeamua?" baba akamuuliza ndani ya basi.

"Nimeamua. Vitabu vyenyewe ni vizito. Nguvu zangu nataka ziende huko."

Alhamisi akathibitisha Ikombwe.

Sasa msije mkasema Ndaluka ni kubaya. Kijana wa jirani yetu alisoma palepale, akapanda ngazi zile akipiga mluzi, akamaliza vizuri. Tusekile naye alimaliza Ikombwe, na miaka miwili ya mwisho alikuwa akiwafundisha wa mwaka wa kwanza hesabu za dawa.

Lakini Ijumaa ile Ambakisye ilimbidi arudi sokoni. Mteja wa kwanza akamwuliza, "Baba Famasia, binti anakwenda lini Ndaluka?"

"Haendi Ndaluka. Anakwenda Ikombwe."

"Ikombwe?" Yule mtu akamwonea huruma. "Mbona mmeliacha jina kubwa vile? Nasikia lile lango lake peke yake ni ajabu."

Ambakisye alivuta uzi wake, akaukata kwa meno, akamrudishia kiatu.

"Nimeliona, ndugu yangu, na ni zuri kuliko unavyosikia," akasema. "Lakini langoni hakulali mtu."