Mawe Kumi na Moja Mlangoni pa Zahanati

Tangazo! Watu wote wa kidato cha kwanza waweke soksi zao chini na kutega masikio, kwa kuwa leo, kwa heshima ya bweni hili na kwa idhini ya wahenga wote, walio hai na waliolala, inatolewa rasmi asili ya methali kongwe kuliko zote: Jiwe la foleni haliugui. Wazee waliitamka zamani walipokuwa wakiwinda ndovu kwa mishale.

Haya, hiyo ya ndovu ni uongo. Methali yenyewe ina miaka miwili, na aliyeitamka kwanza alikuwa amevaa glavu za mpira. Lakini mmeniuliza tangu asubuhi, mliponiona nikisukuma kando madaftari yenu manane mliyoyapanga foleni mlangoni kwa matroni na kumwingiza Kilelu aliyekuwa akitetemeka nyuma ya madaftari hayo. Mlikasirika, maana kila daftari lina mwenyewe, na wenyewe mlikuwa uwanjani mkicheza mpira. Basi fueni, nami niseme. Kilelu, wewe kaa hapo juani na blanketi lako. Methali hii ilianza hivi.

Mrughu ni kijiji cha upande mkavu wa kaunti. Zahanati ni moja, na muuguzi ni mmoja, aliyegawanywa kama mkate: Jumanne na Ijumaa ni wa Mrughu, siku nyingine ni wa watu wengine. Jina lake Wawuda, lakini wote humwita Sista. Hufika saa tatu asubuhi kwa pikipiki na kuondoka saa tisa alasiri. Asiyeonwa Jumanne huendelea kuugua hadi Ijumaa.

Kwa hiyo watu waliwahi alfajiri, na kwa kuwa mgonjwa hawezi kusimama juani kwa muda wa saa nane, kila mmoja alileta jiwe kutoka kwake. Uliliweka kwenye mstari, kisha ukaenda kuteka maji, kupalilia, au kulala chini ya ukuta. Aliyebaki alisogeza mawe kwa mguu, moja baada ya jingine. Na hakuna aliyethubutu kuruka jiwe la mwenzake. Mrughu walisema kuruka jiwe la mgonjwa ni kumtakia asipone. Mwenyewe asipoonekana, anatafutwa, na foleni inangoja.

Msimamizi wa sheria hiyo alikuwa Mzee Nyange, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, mtu wa fimbo na koti hata wakati wa joto. Na Mzee Nyange alikuwa na mjukuu aitwaye Mwadime, aliyekuwa kidato cha pili katika shule ya bweni, msomi mkubwa, bingwa wa kushona mikono ya mashati ya wenzake isipite mkono. Agosti hiyo alirudi nyumbani likizoni, akakaa siku tatu bila mtu wa kumfanyia mzaha. Siku ya nne akaitazama foleni ya mawe, akacheka peke yake.

Jumanne alfajiri alibeba mawe kumi na moja ndani ya gunia. Aliyapanga mwishoni mwa mstari, kwa unadhifu, kila moja na nafasi yake. Alitaka tu kuona watu wazima wakiyasogeza kwa heshima, wakiyaita, wakiyasubiri. Tayari alikuwa akitunga jinsi atakavyowasimulia wenzake bwenini.

Nyuma ya jiwe la kumi na moja alikuja Mkawasi, mwanamke mgeni aliyeolewa Mrughu miaka miwili iliyotangulia. Alikuwa ametembea tangu usiku haujaisha, mtoto mgongoni. Mtoto huyo, Mghoi, alikuwa na mwaka mmoja. Mkawasi aliweka jiwe lake, akakaa kando yake, hakwenda popote.

Saa tano foleni ikalifikia jiwe la kwanza lisilo na mtu.

"Mwenye hili!" akaita Mzee Nyange.

Akaita tena.

"Hilo ni la mke wa Mwandoe," akasema bibi mmoja mwenye meno mawili. "Si mnaona masizi? Ni jifya lake la jikoni."

"Mke wa Mwandoe jiwe lake lina pembe, bibi."

"Pembe unazo wewe! Nendeni mkamwite."

Mtu akatumwa. Mke wa Mwandoe akaja mbio kutoka shambani, jembe mkononi, akaapa kwamba tangu Krismasi hajaumwa hata jino. Watu wakacheka. Mwadime, nyuma ya tangi la maji, alicheka mpaka akakaa chini. Jiwe likatolewa. Likafuata la pili, nalo likatafutiwa mwenyewe. Kisha la tatu.

"Hawa wenye mawe wameenda kuzaa?" akauliza bibi wa meno mawili, na safari hii waliocheka walikuwa wachache.

Saa sita Mkawasi alisimama. "Baba," akamwambia Mzee Nyange kwa sauti ndogo, "mtoto ana joto sana. Naomba nipite."

"Binti yangu, nani hapa hana joto? Nikikupitisha wewe, kesho nitampitisha shemeji yangu, na keshokutwa hakuna foleni. Mbele yako kuna wagonjwa wanane."

Mbele yake palikuwa na mawe manane.

Mwadime aliyasikia hayo. Akamtazama mtoto. Kwanza Mghoi alikuwa akilia, na kilio cha mtoto hakimshtui mtu mlangoni pa zahanati. Sasa alikuwa amenyamaza, na watu wakasema afadhali, amelala. Lakini macho yalikuwa wazi. Mwadime akatoka nyuma ya tangi, mikono mfukoni kama mtu anayetembea tu, akapiga jiwe moja teke likaingia majanini. Kisha la pili.

Fimbo ilimpata begani.

"Mwadime! Shule imekufundisha hayo? Kugusa jiwe la mgonjwa?"

Uwanja mzima ulimgeukia. Mkawasi pia. Maneno aliyotakiwa kusema yalikuwa mawili tu: ni yangu. Lakini aliuona uso wa babu yake, mzee aliyejivunia foleni hiyo kuliko ng'ombe wake, akaona aibu itakavyomwangukia mbele ya watu wote.

"Samahani, babu," akasema. Akaenda majanini, akayaokota yote mawili, akayarudisha mahali pake.

Saa saba na nusu Mghoi alikakamaa. Mgongo ulijipinda kama upinde, povu likamtoka mdomoni, na Mkawasi akapiga ukelele uliomtoa Sista ndani, alikokuwa akiosha vifaa akingoja anayefuata, na glavu zake. Alimpokea mtoto, akamgusa paji, akachukua dawa ya degedege. Alipomaliza sindano aliinua macho, akaona mstari.

"Huyu amekaa hapa tangu lini?"

"Tangu alfajiri," akajibu Mkawasi.

"Na mbele yake alikuwa nani?"

Mzee Nyange akaonyesha kwa fimbo. Sista akatazama mawe, akamtazama mzee.

"Jiwe la foleni haliugui, Mzee Nyange," akasema. Hakupaza sauti. "Haliugui."

Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Ambulansi, walipoipigia simu, ilikuwa upande wa pili wa kaunti. Basi Sista akafunga zahanati, akapanda pikipiki nyuma ya dereva aliyemleta asubuhi, mtoto na mama katikati, kilomita thelathini na nane za vumbi hadi hospitalini. Waliobaki wakaokota mawe yao, wakarudi nyumbani na magonjwa yao. Kumi na moja yakakosa wa kuyachukua.

Mghoi hakufa. Alirudi baada ya wiki tatu, akajifunza upya kukaa, kisha kutembea. Ila ukimwita hageuki. Ugonjwa ulimwachia roho, ukachukua masikio.

Mzee Nyange alijiuzulu kwenye kamati. Yale mawe aliyabeba mwenyewe, safari baada ya safari, akayapanga ukutani kwake, na mpaka leo kila mgeni huulizwa kama analijua hata moja. Mwadime alirudi shuleni kufungua muhula. Hakumwambia mtu yeyote. Na hapo ndipo…

Unasemaje, Kilelu?

"Kaka, umesema Mwadime hakumwambia mtu."

Hakumwambia.

"Hata babu yake?"

Hata babu yake.

"Basi wewe umejuaje mawe yalikuwa yake?"

Mtazameni huyu. Homa haijamtoka, na tayari ni wakili.

Haya. Hapa shuleni mnaniita kwa jina la baba. Nyumbani naitwa Mwadime.

Na si kweli kwamba sikumwambia mtu. Nilimwambia mmoja. Desemba nilimkuta Mghoi akicheza na vifuniko vya soda uani kwao. Nikachuchumaa nyuma yake, nikasema yote, tangu jiwe la kwanza hadi la kumi na moja. Hakugeuka. Nikainuka, nikaenda zangu kama mtu aliyetubu.

Babu huwauliza wageni tu. Mimi wa nyumbani hajawahi kuniuliza. Tunafunga shule Ijumaa, na mawe yangu yako palepale ukutani, pa kuingilia.

Anikeni soksi. Na kesho mkienda kwa matroni, msitazame madaftari, tazameni nani anatetemeka. Jiwe la foleni haliugui.